Ufa Kwenye Bawa la Tai

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Shoto alikalia kiti kimoja, kwenye meza moja, mbele ya dirisha lililotazamana na ukuta, akizipiga tupa kingo za beji za kofia za askari. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wanawake watatu wa meza ya umaliziaji siku aliyoingia karakana, kwa sababu aliishika tupa kwa mkono wa kushoto, na jiliwa, kile kibanio cha chuma, iliyofungwa mezani kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia ikambidi aifungue na kuigeuza. Wenziwe walimwambia kwamba akiendelea na mambo yake ya kinyumenyume, iko siku jeshi zima litavaa kofia kisogoni. Alicheka pamoja nao, akazikaza parafujo, na jiliwa ile haikugeuzwa tena mpaka karakana ilipofungwa.

Ili yaliyompata yaeleweke, yafaa kazi yenyewe ielezwe kidogo. Beji hutoka kwenye kalibu. Kalibu ni bonge la chuma cha pua, ukubwa wake nusu ya tofali, ambalo usoni mwake mchongaji huchimba sura ya nembo kwa ndani na kwa kinyume: panapotakiwa kuinuka kwenye beji huchimbwa shimo, na kinachotakiwa kukaa kushoto huchongwa kulia. Likisha kuchongwa hupashwa moto na kuzamishwa kwenye mafuta ili likomae, yaani liwe gumu, kisha hufungwa kwenye mtambo. Kipande cha shaba huwekwa juu yake, mtambo hushuka kwa shindo moja, na shaba huondoka hapo ikiwa na tai aliyetandaza mabawa juu ya shada la majani. Aliye na kalibu, basi, ana beji kadiri apendavyo, na aweza kumvika amtakaye alama ya askari. Ndiyo sababu jeshi halikukubali hata kalibu moja itoke nje ya ukuta wa karakana.

Aliyezilinda alikuwa mumewe Mama Shoto. Chumba chake kilikuwa na mlango wa chuma, rafu nne, na harufu ya mafuta ya mashine ambayo aliileta nyumbani kila jioni. Alikuwa mtu wa funguo nyingi na maneno machache. Asubuhi alizitoa kalibu zilizotakiwa, jioni akazipokea, akazifuta, akazifunga kwenye karatasi ya nta na kurudisha kila moja mahali pake. Wafanyakazi walimtania kwamba akifika nyumbani humhesabu mkewe kabla ya kula. Mkewe alipoyasikia hayo alisema wanamsingizia. Alihesabiwa baada ya kula.

Kulikuwa na desturi moja tu iliyoupinda utaratibu huo. Kazi ikiwa ndefu, kalibu iliachwa ndani ya mtambo kwa siku nyingi, kwa kauli ya fundi mkuu, maana kuifungua jioni na kuifunga upya kulikula saa nzima ya asubuhi. Mtunza kalibu hakuipenda desturi hiyo, lakini aliitii.

Katika mwaka wake wa ishirini na moja kazini, Mama Shoto aliona kwenye bawa la kushoto la tai mstari mwembamba kama unywele, umeinuka, umetoka ncha ya bawa mpaka kwenye shada. Aliupuliza akidhani ni uzi wa kitambaa. Haukuondoka. Akaichukua beji ya pili, na ya tatu, na ya kumi. Zote zilikuwa na unywele ule ule, mahali pale pale. Alama ikijirudia namna hiyo si ya beji, ni ya kalibu. Chuma kilikuwa kimepata ufa, na kwa kila shindo shaba ilijipenyeza ndani yake.

Aliichukua beji moja akaipeleka kwa fundi mkuu. Huyo alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya taratibu, hodari katika kazi yake, na kalibu ile aliikomaza mwenyewe. Mama Shoto alikumbuka siku hiyo: fundi mkuu alikuwa na haraka ya safari, na chuma alikitoa kwenye mafuta kabla ya wakati wake. Kanuni ilikuwa wazi. Kalibu yenye ufa huvunjwa mbele ya mashahidi wawili, sababu huandikwa, na nyingine huchongwa. Fundi mkuu alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Aliitazama beji kwa muda, akauliza kama tupa yaweza kuuondoa ule mstari. Akajibiwa kwamba yaweza.

“Basi uondoe wewe mwenyewe,” alisema. “Za tai zote zipite kwako, zisiguswe na mwingine. Na bwana wa funguo usimtie wasiwasi.”

Tangu hapo kalibu ya tai haikurudi tena ghalani. Mtunza kalibu alipoiulizia aliambiwa kazi bado ndefu. Naye mkewe kwa miezi kumi alikuwa akipokea kila beji ya tai, akiibana, na kuipiga tupa laini mara tatu juu ya bawa la kushoto. Mara mbili hazikutosha, na ya nne ingelikula bawa. Mikwaruzo mitatu ilibaki imelala kutoka juu kushoto kwenda chini kulia, kama mkono wake ulivyopenda. Ya wenziwe ingelilala upande wa pili. Kisha beji zilichovywa kwenye maji ya dhahabu, mikwaruzo ikafifia hata asiyejua pa kutazama asiione. Wakaguzi wa jeshi hawakurudisha hata moja. Siku moja fundi mkuu alitangaza kwamba beji za tai zimetosha, na mtambo ukaanza kupiga vifungo vya makoti, ukaendelea navyo miezi minne ya mwisho.

Karakana ilipofungwa, Mama Shoto alipewa cheti chenye fremu ya mbao, kikieleza kwamba hakuna beji iliyorudishwa kutoka mezani pake. Wiki hiyo hiyo kalibu zilihesabiwa, na ya tai haikuonekana.

Mtunza kalibu alisema aliitoa kwa fundi mkuu na hakurudishiwa. Fundi mkuu alisema aliirudisha. Neno la mmoja lilikuwa zito kuliko la mwingine kwa sababu ya cheo, si kwa sababu ya ushahidi. Mtunza kalibu hakufungwa, kwa kuwa hakuna aliyemwona akiitoa nje. Lakini kwenye jalada lake la utumishi pakaandikwa kwamba mali ya jeshi ilipotelea mikononi mwake, na maneno hayo yakatangulia mbele yake kila alikokwenda kutafuta kazi nyingine.

Adhuhuri moja, chakula kikiwa mezani, Mama Shoto alimweleza mumewe habari yote ya ufa. Alieleza bila kujipunguzia. Alisema hajui kalibu iko wapi, ila fundi mkuu anajua, na kwamba kesho yake atakwenda kuyasema hayo mbele ya wakubwa. Mumewe alimaliza kunawa, akajifuta mikono kidole kwa kidole.

“Jina langu limeshaandikwa,” alisema. “Wakiandika na lako, malipo yako ya uzeeni yanasimama, na nyumba hii ina watu.”

“Nitakwenda.”

“Nenda. Na mimi nitawaambia mke wangu ananitetea. Wataniamini.”

Hakuwahi kumsikia mumewe akisema mengi kiasi hicho kwa wakati mmoja. Hakwenda. Mwaka uliofuata fundi mkuu alifariki dunia bila kusema neno, na baada ya miaka mitatu mtunza kalibu naye akaitwa na Mola wake. Mama Shoto alibaki na cheti ukutani, na wifi yake.

Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa marehemu. Alihamia kwao baada ya kufiwa na mume, akiwa na sanduku moja na ulimi mmoja, na vyote viwili vilikuwa vizito. Kwa jambo la kalibu alikuwa na rai yake: nduguye aliichukua, na aliichukua kwa ajili ya mwanamke. Kila alipopangusa vumbi kwenye kile cheti alisema, bila kumtazama mtu, kwamba nduguye hakuwa na tamaa hata kidogo. Tatizo lake alioa. Mama Shoto alizoea kumwambia asisahau kupangusa na upande wa nyuma. Hivyo ndivyo walivyoishi, wakipika pamoja, wakiuguzana, na neno hilo likiwa katikati yao kama kiti ambacho hakuna anayekiondoa.

Mwaka wa kumi na moja baada ya karakana kufungwa, alikuja nyumbani pale Kapteni wa makumbusho ya jeshi, mwanamke wa umri wa binti yake, akavua kofia mlangoni na kuomba radhi kwa kuja bila taarifa. Alisema kalibu ya tai imepatikana. Ililetwa na muuza vitu vya kale, naye alikuwa radhi kuwauzia makumbusho. Tumeipima, alisema: uzito ni wake, tupa ikipitishwa usoni huteleza wala haing’ati, kwa hiyo chuma kimekomazwa, namba iliyogongwa ubavuni ni ile ile ya orodha ya zamani. Kabati la kioo lilikuwa tayari. Ilibaki tu mtu aliyefanya kazi pale aitazame kwa macho yake, na katika orodha nzima aliye hai na karibu ni yeye.

“Kuna jambo jingine, Mama, na sipendi ulisikie kwa mtu mwingine,” Kapteni alisema. “Muuzaji anasema aliinunua kwa mtunza kalibu mwenyewe, nyuma ya karakana. Maelezo hayo yataandikwa kwenye kadi, pembeni ya kalibu.”

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha nguo. Alikitua kikapu chini polepole.

Kupotelewa ni jambo moja na kuiba na kuuza ni jambo jingine. La kwanza mumewe alikubali kulibeba, akamkataza mkewe asimsaidie mzigo. La pili hakupata kuulizwa. Mama Shoto aliona kwamba kule kunyamaza alikomkubalia mumewe hakukufika huko, akamwambia Kapteni kwamba atakwenda kesho yake asubuhi. Asubuhi hiyo alipokuwa akitoka alichukua kipande kipya cha sabuni jikoni, akakifunga kwenye leso.

“Unakwenda kuoga makumbusho?” wifi aliuliza.

“Nikirudi utajua.”

“Miaka kumi na moja nasubiri kujua.”

Chumba walichomkaribisha kilikuwa na meza ndefu, taa ya kuinamisha, na kabati la kioo lililo tupu, kadi ikiwa imekwisha kuwekwa ndani. Mama Shoto aliisoma kadi kabla ya kuketi. Muuza vitu vya kale alisimama kwa heshima, akamwita mama yangu, akamvutia kiti. Alikuwa na kucha safi na maneno laini, na aliieleza kalibu yake kama mtu anayemsifu mchumba: kingo zilizolika, kutu yake ya halali, alama za nyundo kisogoni.

“Kutu ni ya kweli,” Mama Shoto alisema. “Hata nyuma ya jokofu langu ipo ya kweli.”

Kapteni aligeuza uso dirishani kidogo, kisha akaisogeza taa. Mama Shoto aliivuta kalibu karibu. Kapteni alimwonyesha upande wa kushoto, akidhani ndiko atakakotazama kwanza, lakini yeye alikwenda kulia, kwa kuwa bawa la kushoto la beji hukaa kulia kwenye kalibu. Alipitisha ukucha kutoka ncha ya bawa mpaka kwenye shada. Ukucha haukukwama. Akaupitisha tena, mara hii akiwa amefumba macho. Hapakuwa na ufa.

Kwa muda mfupi aliingiwa na hofu ambayo hakuitarajia. Ikiwa hii ni kalibu nzima isiyo na ufa, basi huenda ziliwahi kuchongwa mbili bila yeye kujua. Na ikiwa ziliwahi kuchongwa mbili, hakuna ajualo juu ya jambo lolote, wala juu ya mtu wake. Alifungua leso. Alikata sabuni, akaikanda kwa vidole mpaka ikalainika, akaikandamiza kwenye uso wa kalibu kwa gumba lake la kushoto, kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda kingoni, kisha akaibandua. Tai alikuwa juu ya sabuni, ameinuka, kama ambavyo angetokea kwenye shaba. Aliomba kioo cha kukuzia, akaiinamisha sabuni chini ya taa mpaka mwanga ukalala ubavuni.

Akaketi hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba Kapteni alimuuliza kama anahitaji maji.

“Hapana,” alisema. “Najitazama.”

Aliwaita waje karibu. Juu ya bawa la kushoto palikuwa na mikwaruzo mitatu, myembamba, iliyolala kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Aliwaeleza basi, taratibu, kuanzia beji ya kwanza yenye unywele mpaka ya mwisho: ufa, kanuni, fundi mkuu, tupa mara tatu. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeuficha, kila siku, kwa muda wa miezi kumi, na kwamba kila mkaguzi aliyepita mezani pake, yeye alimdanganya akiwa ameketi. Alipofika hapo sauti yake haikubadilika, ila mkono ulioshika kioo aliushusha mezani.

Kapteni aliuliza swali lililokuwa la haki kuulizwa: je, haiwezekani kwamba zilikuwa mbili, moja yenye ufa na hii nzima?

“Ingekuwa nzima na ya kweli, hapa pangekuwa laini,” Mama Shoto alijibu. “Kalibu hutangulia, beji hufuata, tupa huja mwisho. Sasa tupa yangu imeingiaje ndani ya kalibu?”

Wanaolinganisha nakala za kale za vitabu vilivyoandikwa kwa mkono huitegemea hoja ii hii: nakala iliyobeba ndani yake sahihisho la mnakili wa baadaye haiwezi kuwa asili, hata karatasi yake ikiwa imezeeka vipi. Aliyeighushi kalibu hii alikuwa mjuzi. Alitafuta beji nzuri kuliko zote, isiyovaliwa, akaitwaa sura yake yote kwa uaminifu, akaikomaza kalibu yake na kuigonga namba. Kosa lake lilikuwa kuchagua beji safi, bila kujua nani aliisafisha.

Muuza vitu vya kale alisema, bado kwa upole, kwamba mikwaruzo haina jina la mtu. Mama Shoto hakubishana naye. Aliomba jiliwa, tupa laini na kipande cha shaba. Vikaletwa kutoka chumba cha matengenezo. Aliigeuza jiliwa kwanza. Akapiga mara tatu. Kapteni naye alikwenda kwenye droo za makumbusho akaleta beji sita za tai za mwaka ule wa mwisho, akazipanga chini ya taa pamoja na shaba na sabuni. Mikwaruzo yote ililala upande mmoja. Muuzaji alizitazama, akatazama saa yake, akasema kwamba akifikiri vizuri, aliyemuuzia hakusema ndiye mtunza kalibu. Alisema tu anamfahamu. Kapteni alimwambia aandike hilo na kutia saini, na akamwandikia stakabadhi ya kuizuia kalibu pale kwa uchunguzi.

Muuzaji alipokwisha kuondoka, Kapteni alifunga mlango.

“Mimi nimekuamini, Mama. Lakini hapa nimethibitisha kwamba hii ni ya kughushi. Sijathibitisha kwamba mzee hakuitoa ile ya kweli. Na wewe ni mkewe. Wakiniuliza iko wapi, niseme nini?”

Mama Shoto alisema hajui. Huo ndio ulikuwa ukweli, na alijua haukutosha.

Njia ya kutokea ilipita kwenye ukumbi mkubwa, na humo, juu ya jukwaa la mbao, ulisimama mtambo wenyewe wa karakana, umepakwa rangi mpya. Kapteni alimweleza kwamba waliuhamisha mzima kama ulivyokuwa, na kwamba wageni hupigiwa kifungo cha koti wakakichukua kwa ukumbusho. Fundi wa makumbusho alikuwa akiwapigia wageni wawili wakati huo. Mtambo ulishuka. Mama Shoto akasimama.

Aliomba upigwe tena. Ukapigwa. Ulitoa mlio wa sauti mbili, ya pili ikiifuata ya kwanza karibu kuigusa. Alikuwa ameusikia mlio huo miezi minne mfululizo akiwa mezani pake, akauona ni uchovu wa mashine, au wake. Kalibu iliyokaa juu ya kitanda cha mtambo hutoa sauti moja. Sauti mbili ni chuma juu ya chuma.

Alimuuliza fundi nani aliifunga kalibu ya vifungo humo. Fundi akasema hawajawahi kuifungua, ilikuja hivyo. Akamuuliza ina kimo gani. Fundi akamwonyesha kwa vidole.

“Fupi,” Mama Shoto alisema, akamgeukia Kapteni. “Kalibu ya vifungo ni fupi, mtambo hauifikii. Lazima iinuliwe na kitu. Karakana yoyote huweka chini yake chuma chochote kigumu kisicho na kazi.”

Wageni waliombwa wasubiri. Parafujo nne zilichukua karibu nusu saa, kwa kuwa rangi mpya ilikuwa imezishika. Kalibu ya vifungo ikatolewa. Chini yake, uso ukiwa umeelekea chini, palikuwa na bonge jingine lililogandiwa na mafuta meusi. Fundi alipolichomoa, nusu ilikuja mkononi mwake na nusu ikabaki. Aliifuata ya pili kwa bisibisi. Ziliwekwa juu ya gazeti na kufutwa. Namba ilikuwa ubavuni. Kapteni aliziunganisha nusu mbili kwa mikono yake mwenyewe: tai alikuwa amepasuka kutoka ncha ya bawa, kupitia kwenye shada, mpaka ukingoni.

Haikuwa imetoka kwenye mtambo tangu mtunza kalibu alipoikabidhi. Fundi mkuu hakuiuza wala hakuitupa. Aliilaza kifudifudi mahali ambapo ingefanya kazi na isionekane, na makumbusho ya jeshi yalikuwa yakiihifadhi kwa muda wote ambao jeshi liliihesabu kuwa imepotea.

Kapteni aliandika taarifa pale pale, kwenye meza ya tiketi, akimsomea sentensi kwa sentensi. Alipofika kwenye habari ya beji alisita, akasema kwamba kalibu imeonekana, jina la mzee limesafika, na kuhusu tupa si lazima kuandika. Miaka imepita, na malipo ya uzeeni ni malipo ya uzeeni.

“Andika,” Mama Shoto alisema. “Ukiliacha hilo, nitakuwa nimepiga tupa mara ya nne.”

Kapteni akaandika.

Nyumbani wifi alikuwa akikunja nguo zile zile za jana. Mama Shoto aliketi mbele yake, akamweleza yote, na hili nalo kwamba nduguye alijua na alinyamaza. Wifi aliendelea kukunja. Shati moja alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

“Kwa hiyo hakuiba.”

“Hakuiba.”

“Na mwenye hila alikuwa wewe.”

“Mimi.”

“Miaka yote hii nasema alifanya kwa ajili yako.”

“Ulikuwa sahihi, wifi. Ulichokosea ni kile alichokifanya.”

Wifi aliweka shati chini. Alilia kidogo, bila sauti, kama mtu anayemaliza kazi aliyoianza zamani, kisha akauliza sabuni iko wapi. Aliambiwa imebaki makumbusho, Kapteni ameiweka kwenye kabati la kioo karibu na kalibu.

“Ile ilikuwa sabuni yangu,” alisema.

Barua ilikuja baada ya wiki tano. Ilikuwa na kurasa mbili. Ya kwanza ilisema kwamba maneno yaliyoandikwa kwenye jalada la marehemu mtunza kalibu yamefutwa, na kwamba kalibu namba hiyo aliitoa kwa utaratibu, kwa mtu aliyestahili kuipokea. Ya pili ilikuwa ya Mama Shoto. Ilimwambia kwamba malipo yake hayataguswa, bali sifa aliyopewa wakati wa kufungwa kwa karakana imeondolewa, naye arejeshe cheti. Aliomba wifi amsomee ya kwanza mara mbili. Ya pili aliisoma mwenyewe mara moja, akaona ni ya haki, akakishusha cheti na kukifunga kwenye gazeti.

Msumari ulibaki ukutani, na mraba wa rangi safi ukiuzunguka. Wifi aliingia chumbani kwake, sanduku likasikika likifunguliwa, akarudi na pete ya chuma ambayo nduguye alizoea kuning’inizia funguo za ghala. Funguo jeshi lilizichukua siku ile ya hesabu. Pete ilikuwa yake mwenyewe, na dada yake aliificha tangu siku ya mazishi kwa sababu aliionea haya. Aliifuta kwa upindo wa nguo, akaitundika kwenye msumari, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kama imekaa sawa.

“Ukitoka kurudisha hicho cheti,” alisema, “pita dukani ulete sabuni.”